Julius Kambarage Nyerere, Mwalimu wa Shule



Ni desturi ya jarida letu kwamba kila tunapokutana wanafunzi wa zamani, mmoja wetu hupewa zamu ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututoka, ili sisi wazee tukumbushwe na vijana walioko madarasani wajifunze. Safari hii zamu imeniangukia mimi niliyeko huku Kakese, Mpanda, mwalimu mstaafu ninayelima mpunga na kusumbuliwa na magoti. Nimemchagua Marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Najua wapo watakaosema kwamba habari za Mwalimu tumekwisha kuzisikia redioni, vitabuni na katika kila sherehe ya kitaifa. Ni kweli. Lakini mara nyingi tunaelezwa habari za Rais. Mimi nataka kueleza habari za mtu wa shule: mtoto aliyeingia bwenini, mwanafunzi aliyebishana, kijana aliyeshika chaki, na mzee aliyejiuliza maisha yake yote shule ina deni gani kwa wale waliobaki nje ya ua wake. Aidha, ninayo sababu yangu mwenyewe ya kumchagua, nayo nitaieleza nikifika mwisho, kwa kuwa si jambo la kujivunia.

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake wengi wa mzee huyo. Kuwa mtoto wa mtemi kusiwadanganye, enyi vijana. Mtoto huyu alichunga mbuzi, alilala katika nyumba ya nyasi, na hakuona ubao wa shule mpaka alipofikia umri wa miaka 12.

Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka kwao. Huko ndiko alikojifunzia Kiswahili, maana nyumbani alikuwa akisema Kizanaki tu. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, akafaulu, na mwaka 1937 akachaguliwa kwenda Tabora.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu Tabora si mahali pageni kwetu sisi watu wa Mpanda. Reli yetu, ile iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, inatutoa Mpanda na kutupeleka Kaliua, na kutoka Kaliua hadi Tabora. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini treni iliendelea kutubeba sisi watoto wa shule, na masanduku yetu ya bati, na magunia ya karanga tuliyopewa na mama zetu. Kila mmoja wetu aliyepita njia hiyo anakumbuka usiku ule wa kwanza ndani ya behewa la daraja la tatu, anasinzia huku ameshika sanduku, hajui kesho atapokewa na nani. Wanafunzi wa Musoma siku za Mwalimu walipanda meli hadi Mwanza, ndipo wakashika treni kwenda Tabora. Njia zilikuwa mbalimbali, woga ulikuwa mmoja.

Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na nia yao ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watoto wa machifu ili waje kutawala chini ya mkoloni. Kwa hiyo waliiendesha kwa mfano wa shule za mabwana wa kwao Uingereza. Kulikuwa na mabweni yenye kushindana, viranja wenye amri, gwaride, michezo na adhabu. Watu waliiita Eton ya Afrika, kwa jina la shule moja ya wakubwa huko Uingereza. Lengo lilikuwa kumtenga kijana na wenzake wa kijijini na kumzoesha kwamba yeye ni mteule.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba jambo moja lilimkera Kambarage pale Tabora. Viranja walikuwa wakipata upendeleo, na hata chakula chao kilikuwa zaidi ya cha wengine. Yeye hakuona kwa nini mwenye kazi ya kuwaongoza wenzake ale kuwazidi hao anaowaongoza. Akalisema jambo hilo kwa wakubwa wa shule, wala hakuadhibiwa kwa kulisema. Baadaye yeye mwenyewe alifanywa kiranja. Kadhalika, alikuwa miongoni mwa vijana waliopenda sana midahalo, na huko ndiko ulimi wake ulikonolewa.

Ndugu zangu wa miaka yangu, mnakumbuka bwalo letu. Mwaka 1978 mimi nilikuwa kiranja wa bwalo. Mnakumbuka sahani ya kiranja ilivyopakuliwa, na mnakumbuka mtoto wa kidato cha kwanza alivyokuwa akiikodolea macho. Siku za nyama mimi nilipakuliwa kwanza na kupakuliwa mwisho. Hakuna mwalimu aliyeniamuru kufanya hivyo, nami sikujiuliza hata siku moja kama ilikuwa haki. Nilipokuja kusoma habari hii ya Tabora nikiwa mtu mzima, nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Baba yake Kambarage alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata kijana akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1943, akiwa likizoni, alibatizwa huko Nyegina na kuchukua jina la Julius. Alipohitimu mwaka 1945 alikuwa na njia mbili mbele yake, na zote mbili zilielekea Tabora. Shule yake ya zamani, ya Serikali, ilikuwa na mshahara na malipo ya uzeeni yenye uhakika zaidi. Njia ya pili ilikuwa shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadri Weupe, ambayo mkuu wake, Padri Richard Walsh, alimwalika aje kufundisha. Alichagua hii ya pili.

Mtakatifu Maria alifundisha biolojia, pamoja na rafiki yake wa Makerere, Andrew Tibandebage. Saa za jioni alitoka nje ya ua wa shule na kuwafundisha Kiingereza watu wa mjini. Tena alikuwa katibu wa tawi la Tabora la chama cha TAA, ambacho siku zile kilikuwa chama cha kutetea Waafrika kabla ya kuwa chama cha kudai Uhuru. Kwa hiyo tangu ujana wake alikuwa na darasa mbili: moja la vijana wachache waliobahatika, na jingine la watu wazima waliokosa bahati hiyo. Halikumtosha la kwanza peke yake.

Mwaka 1949 alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland. Alikaa huko hadi mwaka 1952, akasoma uchumi, historia, siasa, sheria ya katiba na falsafa ya maadili, akarudi na shahada ya M.A. Katika nchi nzima ya Tanganyika watu wenye elimu ya namna hiyo walihesabika kwa vidole.

Vijana mnaosoma historia huenda mtapenda kujua kwamba Scotland ni nchi iliyotangulia wengi katika jambo hili la shule za vijijini. Sheria ya mwaka 1696 iliagiza kila parokia ya nchi ile iwe na shule na mwalimu, na gharama zibebwe na wenye ardhi wa mahali hapo. Ilikuwa nchi ya baridi, mawe na kondoo, na watu wake wengi walikuwa maskini. Lakini mtoto wa mchunga kondoo aliweza kutoka katika shule ya parokia yake na kufika chuo kikuu. Haikuwa pepo. Wengi waliishia njiani, na wasichana waliachwa nyuma. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba shule imfuate mtoto kule aliko, lilikuwa limekwisha kukaa katika sheria zaidi ya miaka 200 kabla Kambarage hajashuka huko akiwa na koti lake la baridi. Sisi tulilifikia wazo hilo kwa sekondari mwaka 2004, ulipoanza mpango wa MMES na shule za kata zikaanza kuenea. Nitarudi hapo.

Aliporudi nyumbani alimwoa Maria Gabriel, naye mwalimu, mwezi Januari 1953, akaenda kufundisha historia katika shule ya Mtakatifu Fransis, Pugu. Pugu ilikuwa shambani siku zile, nje ya Dar es Salaam, juu ya vilima. Siku za mapumziko mwalimu huyu aliteremka mjini kwa ajili ya mikutano, na mara nyingi alikwenda kwa miguu, mwendo wa kilomita 20 hivi. Mwezi Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU, naye akawa kiongozi wake. Siku ya Jumatatu alikuwa tena mbele ya ubao, anasahihisha madaftari.

Jambo hili halikuweza kuendelea. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliambiwa na wakuu wa shule kwamba hapana budi achague moja, ualimu au siasa. Hakuwa na mali. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na TANU haikuwa na fedha za kumlipa. Alijiuzulu mwezi huohuo, akarudi kwao Musoma, na kwa muda akajipatia riziki kwa kuwafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll na kuwasaidia kutafsiri. Hivyo ndivyo alivyotoka darasani. Lakini jina la darasani halikutoka kwake. Nchi nzima ilimwita Mwalimu mpaka alipoingia kaburini, na naamini hakuna cheo alichokipenda kuliko hicho.

Habari za Uhuru mnazijua, nami sitazirudia. Nataka tuone alifanya nini na shule alipopata uwezo.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari katika Tanganyika nzima hawakufika 12,000. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mtoto wa dini nyingine, hasa Mwislamu, aliona mlango mwembamba mbele yake. Kwa sheria ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada wake, zikiwamo zile mbili ambazo Mwalimu alizifundisha yeye mwenyewe, naye alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini yake sana. Tangu hapo mtoto hakuulizwa tena dini yake mlangoni.

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa kupinga sehemu ya mshahara wao kukatwa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Wengi hukumbuka kufukuzwa huko tu. Wachache hukumbuka kwamba siku ileile alikubali kuwa mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akapunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi wa vijana wale walirudishwa chuoni. Yule kijana wa Tabora aliyekerwa na sahani za viranja alikuwa sasa ndiye kiranja mkuu, na alianza na sahani yake.

Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza waziwazi kwamba katika kila watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, ni 13 hivi tu watakaopata nafasi ya sekondari. Basi, aliuliza, tunawezaje kuendesha shule ya msingi kana kwamba kazi yake ni kuwaandaa hao 13, na kuwafanya 87 wajione wameshindwa? Kutokana na andiko hilo yakaja mashamba ya shule, mabanda ya kuku, na majembe ambayo sisi tuliyalalamikia kila alasiri. Nasema kweli, shule nyingi zililigeuza shamba kuwa adhabu, na mavuno yake hatukuyaona sahanini. Hilo silo alilolikusudia. Lakini mkulima huhukumiwa kwa shamba, hahukumiwi kwa nia.

Hapa sasa nafika kwenye upande mgumu wa maisha haya, nao siwezi kuuruka, maana jarida hili husomwa na vijana, na kijana akidanganywa mara moja hatusikilizi tena. Mwalimu aliamua kwamba fedha chache za nchi zianze na elimu ya msingi na ya watu wazima, na sekondari zikue polepole, kwa kadiri ya watumishi waliohitajika serikalini na katika mashirika. Matokeo ya upande mmoja yalikuwa makubwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa miaka 7 awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Kwa hesabu za Serikali, wakati wa Uhuru wengi wa watu wazima hawakujua kusoma. Katikati ya miaka ya 1980 waliobaki hivyo walikuwa 1 tu kati ya 10. Mzee wangu alijifunza kuandika jina lake chini ya mwembe, kwa mkaa, akiwa na wajukuu. Lakini upande wa pili, nchi yetu ilibaki kwa muda mrefu miongoni mwa zile zenye nafasi chache kabisa za sekondari katika Afrika. Tena yapo mambo mengine yasiyofichika: watu waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa, na watu waliohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji, mahali pengine nyumba zao zikichomwa. Mtu mkubwa hupimwa kwa mizani yenye vikapu viwili.

Vikapu hivyo viwili viliingia nyumbani kwetu, ndugu wasomaji, na hapa ndipo sababu yangu ilipo.

Mwaka 1974 dada yangu mkubwa alimaliza darasa la saba. Alikuwa na akili kunizidi. Ndiye aliyenifundisha kugawanya kwa desimali, usiku, kwa kibatari. Alifaulu. Hakuchaguliwa, kwa sababu nafasi hazikuwapo. Mwaka 1975 nilimaliza mimi. Siku zile nafasi ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, ili watoto wa pembezoni kama sisi tusimezwe na wa mikoa iliyotangulia, na katika shule yetu ya msingi tukachaguliwa wawili. Nilipanda treni Januari 1976. Dada alinisindikiza mpaka stesheni ya Mpanda, akiwa amebeba sanduku langu kichwani.

Mwaka huohuo Serikali ilikuwa ikitafuta walimu wa kuwapokea watoto wote wale wa elimu ya msingi kwa wote, ile tuliyoiita UPE. Vyuo visingeweza kutoa walimu kwa wingi huo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa miaka mitatu, nusu ya siku wanafundisha na nusu ya siku wanasoma. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Alipewa darasa la kwanza lenye watoto waliokaa chini, wengine wakubwa kama wake za watu.

Sisi wa sekondari tulikuwa na mzaha wetu kuhusu walimu hao. Herufi zile tatu tulizigeuza kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Desemba 1978 nilirudi likizo, kijana wa kidato cha tatu, kiranja wa bwalo, nimevaa suruali ya kupanuka chini. Nilimkuta dada anaandaa masomo ya kesho mezani, mbele ya wageni. Nikatamka mzaha ule, na wageni wakacheka. Yeye hakunijibu. Aliendelea kuandika mpaka akamaliza ukurasa, akafunga daftari, akaenda kunitengea chakula.

Hakunikumbusha jambo lile hata mara moja, wala mimi sikumwomba radhi mpaka mwaka 1999. Tarehe 14 Oktoba mwaka ule redio ilitangaza kwamba Mwalimu amefariki London. Nilikwenda kwa dada nikamkuta amekaa kibarazani, madaftari ya watoto mapajani, hasahihishi. Ukutani kwake, ndani, alikuwa na picha ya Mwalimu aliyoikata gazetini siku Mwalimu alipong'atuka urais mwaka 1985. Nilikaa chini karibu naye, nikamwamkia, nikayasema niliyopaswa kuyasema miaka 21 nyuma. Alinisikiliza. Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mwaka ule wa 1974 alilia siku tatu, na kwamba hakujua amlaumu nani. Na kwamba siku aliposhika chaki mara ya kwanza, watoto wale waliokaa chini walimwamkia kwa pamoja kama mwalimu, naye akaona kwamba aliyemnyima ndiye aliyempa. Akaniambia nisitafute kulifungua fundo hilo, kwa kuwa yeye ameishi nalo.

Alifundisha mpaka alipostaafu kwa umri. Hesabuni wenyewe, madarasa ya watoto zaidi ya 60, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka zaidi ya 40. Mimi mwenye cheti kizuri sijafundisha nusu ya watu hao.

Mwalimu alizikwa Butiama, pale alipozaliwa. Baada ya kung'atuka alirudi hapo akalima shamba lake, akasoma, akatafsiri. Ni mtu yuleyule aliyekwisha kuigeuza tamthilia ya Shakespeare ya Juliasi Kaizari kuwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu ileile iliyomtoa jioni kwenda kuwafundisha watu wa Tabora. Alichokipata ndani ya ua hakuona haki kukiacha humo.

Leo huku kwetu mtoto hahitaji tena kupanda treni ili aione sekondari. Shule za kata zimekuja, na mwaka 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Mjukuu wa dada yangu anakwenda sekondari kwa miguu na kurudi jioni kusaidia shambani. Lakini nasikia tena mzaha wetu wa zamani, umebadili nguo tu. Watu waliosoma shule zenye majina, nasi tukiwamo, huzicheka shule za kata kwa uchache wa walimu na maabara zisizo na vifaa. Uchache huo upo kweli. Kuucheka ni kurudia kosa langu la Desemba 1978, tena bila udhuru wa ujana.

Nimesikia kwamba katika mkutano wetu wa mwaka huu kutakuwa na pendekezo la kuchanga fedha ili tujenge lango jipya la shule yetu, la zege, lenye majina yetu wachangaji. Sipingi lango. Shule yetu ni mama yetu, na mama hupendezeshwa. Ninachoomba ni kwamba kabla hatujapiga kura, tukubaliane nusu ya mchango huo iende kununua vifaa vya maabara kwa shule za kata zilizo jirani nasi, bila majina ya mtu. Na kila mmoja wetu aliye karibu na shule ya namna hiyo, aende siku moja katika juma akafundishe somo analolijua. Mimi nimeanza. Ninafundisha hesabu siku ya Alhamisi, na magoti haya haya.

Nanyi vijana mlioko madarasani, mliopewa bweni, bwalo na taa: siku mtakapokuwa viranja, angalieni sahani zenu.

Rasimu ya makala hii nilimpelekea dada aisome kabla sijaituma kwa mhariri, maana habari zake zimo. Aliirudisha kesho yake. Alikuwa amesahihisha kwa kalamu nyekundu makosa manne ya tahajia, na pembeni ameweka alama ya vema.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa zamani, kidato cha nne 1979, Kakese.